Wilaya Iliyomaliza Nyangumi

Kulikuwa na nchi, na kama bado ipo basi naomba isinisikie, ambayo haikuwa na bahari, haikuwa na mafuta, na haikuwa na haraka. Ilichokuwa nacho ni marafiki. Marafiki hao walikaa mbali, kwenye nchi za baridi, na kila walipofagia maghala yao waliikumbuka. Ndiyo maana kiongozi wake hakuitwa rais wala mfalme. Aliitwa Mpokeaji Mkuu, na picha yake iliyotundikwa kila ofisi ilimwonyesha amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, huku akitabasamu.

Msidhani kupokea ni kazi rahisi. Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Zawadi na Shukurani, na ilikuwa na Sheria ya Kumaliza Zawadi ambayo watoto waliikariri shuleni kabla ya kufundishwa kuhesabu. Zawadi ikishafika nchini, ilisema sheria, itapelekwa kwenye wilaya ambayo zamu yake imefika, iwe inaihitaji au haiihitaji. Na wilaya hiyo haitapewa na serikali kitu kingine chochote, hata msumari, mpaka iwe imeitumia zawadi hiyo yote ikaisha. Kuitupa ni kumtukana mfadhili. Kuizika ni uhaini. Kuiuza ni jela, isipokuwa kwa mawaziri, ambao kwao kuuza kuliitwa kuboresha.

Hivyo basi wilaya moja ya kaskazini, ambako kuku hutaga huku wanahema kwa joto, ilikuwa bado inamalizia mabeleshi ya kuzolea theluji. Wilaya nyingine ilipewa mnara wa taa wa kuongozea meli, ikausimamisha katikati ya mashamba ya karanga, na mlinzi aliuwasha kila jua likizama. Wizara iliripoti kwa fahari kwamba tangu mnara uwashwe hakuna meli hata moja iliyopata ajali wilayani humo. Mlinzi akapewa nishani.

Wilaya ya Lubambo haikuwa na makuu. Yenyewe iliomba wodi ya wazazi. Hospitali ya mkoa ilikuwa ng'ambo ya mbuga, na mbuga ile masika ikishika inakuwa tope tupu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu alipandishwa kwenye keria ya baiskeli, mama yake akamshika upande huu, shangazi yake upande ule, na mumewe akasukuma. Wengine walifika.

Aliyekuwa akiandika maombi ya wodi ni Masesa Lutandula, Katibu wa Zawadi wa Wilaya, mtu mpole aliyeona haya kumkemea hata mbuzi aliyeingia ofisini. Binti yake wa pekee, Kalekwa, alijifungulia mtoto wake wa kwanza mbugani, kando ya baiskeli, na mtoto yule hakuliona jua la pili. Walipokuja kumwambia, Masesa alikuwa mezani kwake. Hakwenda mbugani. Alivuta karatasi, akaandika maombi mengine ya wodi, makali kuliko yote yaliyotangulia, na machozi yakamdondokea kwenye wino mpaka ikabidi ayaandike upya. Tusimsingizie: alimpenda binti yake sana. Ila alimpenda kwa njia ya ofisi, na ofisi ndiyo njia pekee aliyoijua.

Mwaka ambao Kalekwa alishika mimba tena, zamu ya Lubambo ikafika.

* * *

Malori yaliingia asubuhi, yakiwa yamefunikwa maturubai, na watu wakatoka na ngoma. Turubai la kwanza lilipofunuliwa, yalionekana magogo mawili meupe yaliyopinda, marefu kupita nyumba, na watu wakashangilia wakidhani ni mapau ya wodi. La pili likafunuliwa. Humo mlikuwa na vitu kama vigoda vikubwa vyenye mabawa. La tatu lilikuwa limejaa matita ya fito nyeusi, ndefu, zenye manyoya pembeni, zilizofungwa kama kuni. Ngoma zikapunguza mwendo, kisha zikanyamaza.

Akapanda jukwaani Daktari Ndalahwa, Mkaguzi Mkuu wa Umalizaji, mtu mnene mwenye miwani na nyundo ndogo ya fedha mfuko wa kifuani.

"Ndugu wananchi wa Lubambo," alisema, "leo mmepata heshima ambayo hata mji mkuu haukuipata. Mmepewa nyangumi!"

Wananchi walitazamana. Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza nyangumi ni kitu gani, mwanangu.

"Ni mnyama wa baharini, mama yangu. Mkubwa kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya."

"Nyama yake iko wapi?"

"Nyama na mafuta vilibaki kwa wafadhili. Sisi tumepewa kiini. Tumepewa mifupa!"

Akaeleza. Nchi rafiki ilikuwa imewinda nyangumi kwa vizazi, ikawasha taa za barabarani kwa mafuta yao, na ikatajirika kwa mifupa yao, hasa zile fito nyeusi, ambazo kwa kweli si mfupa bali ni chujio linaloning'inia kwenye taya la nyangumi mahali pa meno. Ukizichemsha zinakubali kupinda, zikipoa zinabaki ulivyozipinda, na daktari alisema hiyo ndiyo sifa ya raia mwema. Kabla ya plastiki kugunduliwa, dunia ya ustaarabu ilisimama juu ya mifupa hiyo. Ilikuwa ndani ya miavuli. Ilikuwa ndani ya kola za makasisi na kofia za mabibi. Ilikuwa mapau ya nyumba, na nyua, na mipini ya visu, na mijeledi, na brashi, na sindano. Sasa jumba la makumbusho lililoitunza lilikuwa linageuzwa hoteli, na kuitupa huko kwao ni gharama, kwa hiyo wakapata wazo la urafiki.

"Mifupa hii imewatumikia malkia," daktari akamalizia, sauti ikimtetemeka, "na leo inakuja kuwatumikia ninyi, ambao hata bahari hamjaiona. Kama huo si usawa, basi mimi sijui usawa ni nini!"

Mkuu wa wilaya akapiga makofi, na kwa kuwa mkuu wa wilaya alipiga, wote wakapiga.

Masesa alimfuata daktari nyuma ya jukwaa, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, samahani. Sisi tuliomba wodi."

"Wodi? Wodi mtapata. Ipo kwenye mpango, nimeiona kwa macho yangu. Vitanda, taa, mkunga mwenye cheti. Malizeni kwanza nyangumi."

"Tutammaliza lini, mheshimiwa?"

"Hilo linategemea uzalendo wenu, Katibu. Masharti ni mepesi. Siku ya ukaguzi, kila kipande kiwe kinatumika, kwenye jengo, mikononi au mwilini mwa raia aliye hai, kwa matumizi yanayotambuliwa na historia. Msinibunie mambo ya kienyeji. Mfadhili atajisikia vibaya."

Masesa akahesabu kichwani miezi ya Kalekwa. Akapiga moyo konde. Jioni ile alimwambia mkewe Nyamizi, mbele ya Kalekwa mwenyewe, kwamba mtoto wa safari hii atazaliwa kitandani, chini ya taa, hata kama itabidi yeye Masesa amtafune nyangumi kwa meno yake. Kalekwa alicheka, mara ya kwanza tangu mbugani.

* * *

Kazi ikaanza. Mataya mawili yalisimamishwa barabarani yakawa lango la kuingilia wilayani, kwa kuwa historia ililitambua lango. Mbavu zikawa mapau ya kituo cha polisi. Nyingine zikawa uzio wa nyumba ya mkuu wa wilaya, ambaye alihuzunika kwamba mbavu za mnyama mmoja hazikutosha kuzunguka na bustani. Fito nyeusi zilichemshwa kwenye masufuria ya kila jiko, na Lubambo nzima ikanuka kucha zilizoungua. Wakatengeneza miavuli. Wakatengeneza kola ngumu, na walimu wakafundisha wakiwa wametazama dari, kwa sababu kola zile hazikuruhusu kutazama daftari. Matokeo ya mtihani yalishuka, lakini nidhamu ya shingo ilisifiwa.

Wanawake walivichukua vile vigoda vyenye mabawa, yaani vipande vya uti wa mgongo, wakavipanga vitatu vitatu, wakapata mafiga mazuri yasiyopasuka. Daktari Ndalahwa alipopita kukagua maendeleo alishtuka hadi miwani ikamwanguka. Alisema hakuna mahali popote katika historia ya nyangumi palipoandikwa mafiga. Sufuria za maharage zikateremshwa nusu zimeiva, na mafiga yakapelekwa bomani yakawa viti vya wageni, ingawa wageni hawakuwepo.

Kitu kilichoisha bila kuhimizwa ni mijeledi. Daktari alieleza kwamba mataifa makubwa yaliichapia farasi, mabaharia na watoto wa shule. Lubambo haikuwa na farasi wala mabaharia, lakini polisi walimwambia asiwe na wasiwasi, watapata wa kuchapa. Na walipata. Wa kwanza alikuwa mzee aliyekutwa amegeuza ubavu wa nyangumi kilalio cha kuku. Masesa ndiye aliyemripoti. Alisimama pale huku mzee akichapwa, na roho ilimuuma, nasema kweli ilimuuma. Lakini alijiambia kwamba kila kipande kinachochezewa ni kitanda kinachopungua wodini, na akishajiambia hivyo aliweza kutazama mpaka mwisho.

Basi yule mpole wa mbuzi akabadilika. Alizunguka nyumba hadi nyumba akigonga miavuli, akiuliza mbona huu umefungwa, mwavuli uliofungwa unatumikaje? Watu wakatembea na miavuli wazi kiangazi, wakapika chini ya miavuli, wakalala nayo. Nyumbani alizungumzia umalizaji wakati wa chakula, akazungumzia umalizaji wakati wa kulala.

"Baba Kalekwa," Nyamizi alimwambia, "siku hizi unaongea kama redio. Redio angalau mtu anaweza kuizima."

"Nafanya yote haya kwa ajili ya mtoto wako."

"Najua. Ndiyo maana sijaondoka."

* * *

Mwishoni zikabaki fito nyingi nyeusi, na kwa fito hizo historia ilikuwa na jibu moja tu: kizibao cha mifupa, kile cha kubana kiuno. Daktari Ndalahwa alikuja mwenyewe kutoa semina. Alisema wanawake wa mataifa makubwa walivaa vizibao hivyo kwa karne nyingi. Walifungwa kamba mgongoni na mtumishi, goti likiwa limekandamizwa kiunoni, mpaka ini likahama mahali pake. Walizimia sebuleni, wakanusishwa chumvi, wakaamka, wakakazwa tena, na hayo ndiyo yaliyoitwa malezi bora.

"Na wanaume je?" aliuliza mama mmoja nyuma.

"Swali zuri sana. Wanaume pia! Majenerali walivaa, wafalme walivaa, ili matumbo yao yasiwatangulie vitani."

Wanaume wa Lubambo wote wakatazama chini, na wanawake wakaandikishwa.

Mafundi cherehani walishona mpaka vidole vikatoka damu. Wanawake wakavishwa, wakaenda kisimani wamenyooka kama nguzo, wakashindwa kuinama kuchota, ikabidi watoto wachote. Wasichana wengi walitoroka kwa ndugu zao wilaya za jirani. Na fundi wa mwisho, alipoona ukaguzi umekaribia na fito bado zipo, alizishindilia zote zilizobaki kwenye kizibao kimoja. Kilikuwa kirefu kuliko vyote, kutoka kwapani hadi chini ya nyonga, na mtu akikivaa hawezi kukaa wala kupiga magoti.

Kizibao hicho hakikuwa na mtu. Wenye afya walikwisha kuvishwa vyao, au walikwisha kupangiwa miavuli, kola na brashi. Waliobaki ni wagonjwa, na vikongwe ambao migongo yao ilishapinda na haikubali tena kunyooshwa, na wajawazito.

Masesa alikileta nyumbani chini ya kwapa, akakilaza mkekani, asimtazame mtu.

"Hapana," alisema Nyamizi.

"Ni kwa saa chache tu. Nitaagiza kamba ilegezwe."

"Kivae wewe. Si mmeambiwa hata majenerali walivaa?"

"Mimi ni Katibu, mama. Natakiwa kumtembeza Mkaguzi. Nitapita mbele ya wilaya nzima nimevaa nguo ya kike? Watu watanicheka mpaka kaburini."

"Wakucheke. Kicheko kinaua?"

"Na ofisi je? Ofisi ikichekwa, nani atatupa wodi?"

Kalekwa alikuwa amekaa ukutani, miguu imevimba, mkono juu ya tumbo. Mumewe alikuwa ameitwa na mkuu wa wilaya kwenda kushikilia uzio wa mbavu, maana ulikuwa unaanguka.

"Mama, acha," alisema. "Nitakivaa. Nikikataa, kipande kimoja kitatukosesha wodi, na siku yangu ikifika ni baiskeli tena. Siitaki ile mbuga. Nitavaa chochote."

Nyamizi alikwenda jikoni akakata mchicha, na kisu kilisikika ubaoni kwa muda mrefu kuliko mchicha uliokuwepo.

* * *

Siku ya ukaguzi wilaya yote ilipangwa uwanja wa shule, juani. Safu ya miavuli, safu ya kola, safu ya brashi, safu ya viti vya uti wa mgongo na wakaaji wake, na mwisho kabisa safu za vizibao. Vibendera vilining'inia kwenye kamba. Picha ya Mpokeaji Mkuu ilisimamishwa mbele, mikono imenyooshwa.

Daktari Ndalahwa alipita mtu mmoja mmoja. Aligonga mfupa kwa nyundo yake ya fedha, akauliza, "Unatumika?" na raia akajibu kwa sauti, "Unatumika, mheshimiwa!" Kwenye vizibao alipitisha kidole kati ya fito na mwili. Kidole kikipita, mfupa huo hautumiki, umekaa tu, na askari mgambo alikuja kukaza. Masesa alitembea nyuma yake na faili, akihesabu kila "unatumika" kama tofali la wodi.

Alipomfikia Kalekwa, kidole kilipita.

"Kaza," alisema daktari.

"Mheshimiwa," Masesa alinong'ona, "huyu ni mjamzito."

"Hongera. Kaza."

Mgambo akakaza. Kalekwa alitoa macho, akajibu kwa pumzi iliyobaki kwamba unatumika, na daktari akaendelea. Lakini sheria ilitaka kila mfupa ubaki unatumika mpaka wa mwisho utakapogongwa na saini kutiwa, na zilikuwa zimebaki safu mbili.

Hapo ndipo uchungu ulipomshika. Masesa alimwona akipepesuka, akamwendea haraka. Jasho lilikuwa linamtiririka Kalekwa usoni, na nguo yake ilikuwa imelowa hadi miguuni.

"Baba, imeanza. Nifungue."

Sasa msikilize Masesa, mtu aliyelowanisha wino kwa machozi.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Zimebaki safu mbili tu."

"Baba, siwezi kupumua."

"Safu mbili, mama. Jikaze. Ni kwa ajili yako."

Na huenda zingekuwa safu mbili kweli, kama daktari asingekumbuka kwamba hajahutubia. Alisimama katikati ya safu akaanza kuzungumzia mchango wa nyangumi katika mavazi ya malkia. Alizungumza taratibu, kwa mifano. Kalekwa aliuma mdomo mpaka ukatoka damu. Hakuweza kuinama, hakuweza kuchuchumaa, hakuweza kukaa. Zile fito zilimsimamisha wima kama zilivyotakiwa. Na baba yake alimshika kiwiko huku shingo ameielekeza jukwaani, akitikisa kichwa kukubaliana na hotuba.

Nyamizi alitoka kwenye safu ya miavuli. Hakukimbia. Mwavuli wake alimwachia jirani, na kisu cha mchicha kilikuwa mkononi. Alimsukuma Masesa kando, akapitisha kisu kwenye kamba za mgongo wa binti yake kuanzia juu hadi chini, na kizibao kikafunguka kikaanguka mavumbini. Kalekwa akaanguka pamoja nacho. Wanawake wenye miavuli wakaja bila kuitwa, wakawazunguka, wakaiteremsha miavuli mpaka chini, na hakuna aliyeona tena kilichokuwa ndani.

Hotuba ilikatika.

"Kuna kizibao chini!" daktari alipiga kelele. "Katibu! Naona mifupa isiyotumika! Sitasaini!"

Akafunga kalamu yake. Kutoka nyuma ya miavuli ulisikika mlio wa Kalekwa, na sauti ya Nyamizi ikimwambia sukuma, mwanangu, sukuma.

Masesa alitazama miavuli. Akatazama kizibao. Akaona vitanda vikiondoka, taa zikizimika, mkunga akipanda gari na cheti chake kurudi alikotoka. Aliona kazi yote ya miezi ile, na yule mzee wa kuku, na wasichana waliotoroka, vyote vikiwa bure kwa sababu ya nguo moja mavumbini. Akakiokota. Akakipitisha mwilini, juu ya shati la ofisi, na kwa kuwa kamba zilikuwa zimekatwa, akaing'oa kamba ya vibendera.

"Nifunge," alimwambia mgambo.

Mgambo aliweka goti kiunoni mwa Katibu akavuta. Hakuna aliyecheka. Wilaya nzima ilitazama, na hata mtu mmoja hakucheka.

Daktari alikuja, akajaribu kidole. Kilipita.

"Kaza."

Mgambo akavuta tena, vibendera vikamning'inia Masesa mgongoni. Kidole kikagoma kupita.

"Unatumika?"

"Unatumika," Masesa alisema bila sauti.

Daktari alitafakari kidogo kuhusu historia. Historia ilimtambua jenerali, alisema, na katibu ni jenerali wa makaratasi. Akamalizia safu mbili zilizobaki, akafungua kalamu, akasaini. Lubambo imemaliza nyangumi! Wodi imepita! Mkuu wa wilaya akapiga makofi, na bendi ya shule ikaanza kupuliza.

Masesa alikwenda kwenye miavuli haraka alivyoweza, hatua fupi fupi, mwili umenyooka.

"Kalekwa!" aliita kwa kile kipumzi kilichobaki. "Tumeipata! Amesaini, mwanangu! Tumeipata wodi!"

Wanawake walifungua nafasi akapita.

Kalekwa alikuwa amelazwa ubavu, amefunikwa, macho wazi. Mtoto alikuwa kwenye khanga iliyotandikwa chini, mvulana, amekamilika kila kitu, kucha na nywele. Alikuwa ameshapanguswa. Hakuwa analia, na Masesa alisubiri alie, na bendi iliendelea kupuliza, na hakulia.

"Alichoka kusubiri," alisema Kalekwa. Kisha akasema, "Yule wa kwanza hukuja kumshika. Huyu mshike, baba."

Masesa alitaka kuinama. Fito hazikumruhusu. Akajaribu kupiga magoti, zikamchoma mapajani zikamrudisha juu. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, na mikono ikaishia hewani, mbali na mtoto. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mama Kalekwa," alimwambia mkewe, "nikate kamba. Nakuomba. Nimshike."

Nyamizi alikuwa na kisu mkononi, kile alichokatia kitovu. Akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, akatazama kule jukwaani ambako daktari alikuwa anapewa soda.

"Subiri kidogo," alisema. "Mkaguzi hajaondoka."

Akapangusa kisu kwenye pindo la khanga, akaketi chini kando ya binti yake, na yeye ndiye akampakata mtoto.